Jibu: Spotify, Apple Music au Boomplay kwa msikilizaji wa Mafinga

Ndugu yangu wa Mafinga, umeuliza ni ipi kati ya Spotify, Apple Music na Boomplay, huduma tatu za kusikiliza muziki mtandaoni, yenye sauti bora na nyimbo nyingi za kwetu. Kwa sauti pekee, Apple Music iko mbele, kwa kuwa tangu mwaka 2021 inatoa sauti isiyopunguzwa (yaani faili ambalo halikutupa sehemu yoyote ya sauti ili liwe dogo) bila kuongeza ada, ilhali Spotify ya kulipia, hadi mwaka 2025 ilipoanza kutoa sauti ya aina hiyo katika baadhi ya nchi, iliishia kilobiti 320 kwa sekunde (kipimo cha wingi wa data ya sauti), na ile ya bure hufikia 160. Hata hivyo, ukitumia spika au visikilizi vya Bluetooth, sauti hubanwa tena njiani, hivyo ubora huo wa ziada haukufikii wote. Utahitaji visikilizi vya waya.

Kuisikia tofauti, sikiliza kayamba na matoazi katika wimbo wa kwaya: faili lililobanwa mno huyafanya yasikike yamefifia, na mwisho wa noti za gitaa hukatika mapema. Zingatia pia bando, maana kilobiti 320 hula takribani megabaiti 144 kwa saa, na sauti isiyopunguzwa huzidi hapo mara kadhaa. Pakua nyimbo ukiwa kwenye Wi-Fi kabla ya safari ya kupita mlima Kitonga.

Kuhusu wingi wa nyimbo, mimi ningeanza na Boomplay, ambayo imejengwa kwa kuwalenga wasikilizaji wa Afrika. Andika majina ya kwaya na bendi unazozipenda kwa dhati, uyatafute katika huduma zote tatu, ndipo ulipie.