Siku Moja ya Istanbul Kabla ya Kukutana na Kundi

Anayesafiri na kundi kwa mara ya kwanza hudhani kwamba safari huanza pale mwongozaji anapohesabu watu. Kwangu mimi siku iliyo tamu zaidi ni ile inayotangulia, na ndiyo maana nilipojiandikisha katika ziara ya Uturuki niliomba tiketi ya kutangulia, nifike Istanbul usiku, nilale, kisha siku ya pili yote iwe yangu mpaka kundi likutane hotelini. Mpemba, ambaye aghalabu huvuka bahari kwenda Unguja ndipo apande ndege, hujifunza mapema kutotegemea chombo kinachofika siku ile ile ya shughuli.

Kabla ya kutafuta mahali pa kutembea, chukua ratiba ya ziara na ufute kila kilichomo. Makundi mengi Istanbul hupelekwa Aya Sofya, Msikiti wa Sultan Ahmed ambao wageni huuita Msikiti wa Buluu, na kasri la Topkapı. Hayo mwachie mwongozaji, maana tiketi umeshalipia na foleni utapangiwa. Wewe chagua upande mmoja wa mji ambao miguu yako inaumudu. Mimi nilipanga kuanza msikiti wa Süleymaniye, niteremke hadi bandari ya Eminönü, nivuke kwa feri kwenda Üsküdar, na alasiri niende Eyüp kulizuru kaburi la Abu Ayyub al-Ansari, sahaba aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina. Eyüp haikuwemo katika ratiba yetu.

Nunua kadi ya usafiri iitwayo Istanbulkart, kwa kuwa hiyo hiyo moja hutumika kwenye tramu, basi na feri. Chukua koti hata kama jua linawaka. Sisi tuliozoea joto hudanganywa na jua la kule. Saa yako usiiguse, kwani saa ya Uturuki ni ile ile ya Afrika Mashariki, jambo lililonifurahisha kupita kiasi, na mbele utaona kwa nini furaha hiyo haikunifaa.

Süleymaniye, uliojengwa na msanifu Sinan kati ya 1550 na 1557, uko juu ya kilima, na nyuma yake wamezikwa Sultan Suleiman na mkewe Hürrem. Nenda asubuhi mapema. Nilisali rakaa mbili karibu peke yangu, kisha nikasimama uani nikiitazama ghuba ya Haliç na feri zikipishana chini kama madau ya Wete siku ya gulio.

Kutoka hapo vichochoro vinateremka, navyo havimtishi mtu aliyewahi kupotea Mji Mkongwe, hadi Mısır Çarşısı, soko la viungo lililokamilika katika miaka ya 1660. Humo ndimo nilimotumia muda mwingi kuliko nilivyokusudia, na lawama ni ya karafuu. Zilikuwa zimerundikwa katika gunia lililokunjwa mdomo, baina ya mdalasini na pilipili nyekundu, na muuzaji aliponiona nimesimama akaanza kunieleza karafuu ni kitu gani. Nikamwacha amalize. Nikaokota moja, nikaibonyeza shina kwa ukucha kama tulivyofundishwa utotoni tulipokuwa tukichambua karafuu usiku kwa taa ya chemli: mafuta yalichomoza kwa shida, na ndani ya gunia niliona makonyo, yaani vijiti vya vikonyo vya karafuu, si machache. Nilipomwonyesha makonyo akacheka, akaniuliza natoka wapi, kisha akaniletea chai katika gilasi ndogo yenye kiuno chembamba. Sikununua kitu, naye hakuonekana kukasirika. Nawe usinunue siku ya kwanza, kwa sababu kila utakachokinunua utakibeba ziara nzima, ukikipandisha na kukiteremsha basini kila asubuhi. Ukirudi siku ya mwisho na ukataka zafarani, chagua ya nyuzi, wala si ya unga.

Feri ya Üsküdar haimalizi nusu saa, na kwa nauli ya kawaida ya watu wa mji unatoka Ulaya ukaingia Asia. Kaa nje, upande unaotazama mji uliouacha. Mbele ya gati pana msikiti mwingine wa Sinan, wa Mihrimah Sultan, na jirani yake nikaagiza kahawa. Hapa niwaonye wenzangu wa kibarazani: kahawa yao haichujwi kwenye dele kama yetu, machicha hubaki kikombeni, nami nilikunywa mpaka mwisho.

Nilikuwa bado natema machicha nilipotazama saa nikaruka. Waraka wa wakala wetu uliandika, bila asubuhi wala jioni, “Tukutane ukumbini saa 7:00.” Niliisoma kama inavyosomwa kwetu, saa saba mchana, nikairuka Eyüp, nikarudi mbio kwa feri na tramu, nikaingia ukumbini nikihema. Hapakuwa na mtu. Kumbe ilikusudiwa 7:00 ya jioni kwa hesabu ya Kizungu, yaani saa moja ya usiku kwetu. Kabla hujaondoka nyumbani, basi, mtake wakala akuandikie saa kamili kwa mtindo wa 19:00, na umuulize kwa mdomo pia.

Baada ya dakika chache aliingia bibi mmoja wa Makunduchi, buibui limemkaa upande kwa haraka.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Wenzetu washaondoka?”

Nikamwonyesha waraka, naye akatoa wake, tukavilinganisha. Akaketi, akafungua mkoba akatoa visheti vya nyumbani, tukavila na chai ya hoteli tukiwangoja wenzetu kwa saa sita. Eyüp sijafika mpaka leo.