Sjælland kwa Kiingereza: andika Zealand

Ndugu yangu, umeuliza kama Sjælland, jina la kisiwa cha Denmark, kwenye cheti chako cha ndoa igeuzwe Zealand, na kama kisiwa hicho kina uhusiano na New Zealand.

Kwenye tafsiri ya Kiingereza andika Zealand, lakini anwani ya posta iache kwa Kidenmaki. New Zealand ilipewa jina la Zeeland, jimbo la Uholanzi. Hakuna undugu hapo. Anayekwambia maana ya Sjælland ni “nchi ya roho” kwa kuwa sjæl ni roho kwa Kidenmaki, usimkubalie: maandishi ya kale ya Kinorse, lugha ya zamani ya Skandinavia, yanakiita kisiwa hicho Selund, jina lisilo na neno sjæl.

Angalia sana cheti kikitaja Region Sjælland. Huo ni mkoa ulioundwa 2007, na Copenhagen, ingawa sehemu yake kubwa iko kisiwani, haikuwekwa humo.