Ofisi ikikutegea kiambatisho: maswali yenu na majibu

Niliandika mwezi uliopita kwamba ofisi nyingi siku hizi zinawatumia wafanyakazi wake barua pepe za uongo kwa makusudi, ili kuona nani atafungua kiambatisho. Tangu hapo simu yangu haijatulia. Nimechagua maswali matano, na naanza na lililoniuma.

Fundi, mimi ni mhasibu hapa Dar es Salaam. Ilikuja barua pepe ya "Marekebisho ya mishahara" ikiwa na faili la Excel, nikafungua. Kumbe ni mtego wa watu wa IT. Kesho yake majina yetu kumi na moja yakabandikwa kwenye grupu la WhatsApp la ofisi. Hata kantini naona aibu kwenda. Hivi ni haki?

Si haki. Tena mwajiri wako amejiumiza mwenyewe. Siku mwizi wa kweli akituma faili lake, kati ya watu mia hakosi mmoja mwenye haraka atakayelifungua. Ofisi itaokolewa na huyohuyo, akishtuka na kuwapigia simu IT ndani ya dakika tano. Sasa wewe uliyeanikwa mbele ya wenzako, siku hiyo utapiga simu? Utafuta barua, ufunge mlango na kumwomba Mungu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na ofisi yenu imewafundisha watu kuficha.

Halafu chambo chenyewe. Desemba 2020, katikati ya korona, kampuni ya GoDaddy ya Marekani iliwatumia wafanyakazi wake ahadi ya bonasi ya sikukuu, dola 650. Watu wapatao 500 wakaingia mtegoni. Baada ya siku mbili wakaambiwa wamefeli, warudie mafunzo. Kelele zilipozidi kampuni ikaomba radhi. Ukimtegea mtu mshahara tarehe 27, unachopima ni shida zake za nyumbani.

Ninayeandika haya niliwahi kunaswa kwenye jaribio la namna hii: ujumbe wa mzigo uliokwama forodhani, wiki ileile niliyokuwa nasubiri mzigo kutoka Dubai. Usijione mjinga.

Niko Nairobi, kitengo cha ajira. Tumeambiwa tusifungue viambatisho kutoka kwa watu tusiowajua. Lakini wanaoomba kazi wote siwajui! Nifanyeje?

Wezi wanaielewa kazi yako kuliko aliyeandika hiyo kanuni. Mwaka 2011 RSA, kampuni ya usalama wa kompyuta, ilidukuliwa kupitia faili la Excel lililojiita mpango wa ajira wa mwaka huo. Kichujio kilikuwa kimeshalitupa kwenye taka. Mfanyakazi akaliokota humo na kulifungua. Benki Kuu ya Bangladesh nayo, mwaka 2015 ilipokea barua za mwomba kazi mwenye adabu zake, zikiwa na kiungo cha kupakua CV ndani ya faili la zip. Februari 2016 dola milioni 81 zikaondoka kwenye akaunti yake New York.

Kwa hiyo kukwambia "usifungue" ni kukwambia usifanye kazi. Omba ofisi ibadilishe njia ya kupokea. Tangazo la kazi liseme PDF tu, ziende kwenye anwani moja isiyotumika kwa jambo lingine. CV zisomwe ndani ya kivinjari bila kupakuliwa. Zip irudishwe kwa mwenyewe. Faili la Word likikuomba ubofye kitufe cha kuruhusu chochote, lifunge. CV ya mtu haina haja ya kuomba ruhusa. Microsoft ilianza mwaka 2022 kuzuia makro (amri zinazojiendesha ndani ya hati) za mafaili yaliyotoka intaneti, na wezi wengi wakahamia kwenye mafaili ya aina nyingine, yakiwemo ya HTML, yanayofungua ukurasa unaofanana kabisa na ule wa kuingilia barua pepe. Ukifungua CV ukaulizwa nywila, ondoka.

Jambo lingine dogo ambalo watu hulipuuza ni mkia wa jina la faili, yaani herufi za mwisho baada ya nukta. Virusi vya ILOVEYOU vilivyoenea dunia nzima kuanzia tarehe 4 Mei 2000 vilikuja kama barua ya mapenzi, faili la maandishi la TXT. Nyuma ya TXT kulikuwa na mkia mwingine, vbs, wa programu inayoanza kazi ukiibofya, ambao Windows ilikuwa inauficha. Windows inaficha mikia hiyo hadi leo usipoikataza. Mwombe mtu wa IT aifichue, ni kazi ya dakika moja.

Mimi ndiye IT wa hoteli moja Arusha. Mkurugenzi kaniambia nitume faili la kuwajaribu wafanyakazi. Nianzie wapi?

Anza na karatasi. Mwambie mkurugenzi aandike ruhusa na kuisaini. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kijana anayesambaza faili la hila bila barua ya bosi, ukimtazama kwa nje, hana tofauti na mhalifu. Waambie wafanyakazi kwamba mwaka huu kutakuwa na majaribio, siku usiitaje. Jina na nembo ya TRA au ya benki usiviguse, maana watu watapiga simu huko. Na orodha ya walionaswa ni taarifa binafsi, mambo ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hayo, isizagae.

Faili lenyewe lisiwe na madhara yoyote. Njia ya kawaida ni hati ya Word yenye picha ndogo sana inayokaa kwenye seva yako, kila mfanyakazi na anwani yake ya picha. Akifungua hati, kompyuta inakwenda kuichukua picha na seva inaandika saa. Ukiishia hapo utajidanganya. Word ikifungua hati kwa ile hali ya ulinzi, picha inaweza isichukuliwe, na aliyefungua asionekane. Upande wa pili, vichujio vingi vya barua pepe hufungua viambatisho vyenyewe ili kuvikagua kabla havijamfikia mtu. Asubuhi seva itakuambia dada wa mapokezi alifungua faili saa nane usiku, naye alikuwa nyumbani amelala. Kagua saa na anwani ya IP, ile namba inayoonyesha ombi limetoka mtandao gani, kabla hujamtuhumu mtu.

Kisha hesabu dakika tangu ulipotuma hadi mtu wa kwanza alipokutaarifu, na waliotaarifu ni wangapi. Namba hizo mbili ndizo za kumpelekea mkurugenzi. Lakini kwanza pawe na mahali pa kutaarifu! Nimeona ofisi yenye anwani ya kuripoti iliyokuwa ikipokelewa na mtu aliyestaafu.

Nimefungua faili juzi, skrini ikapepesa tu. Nimenyamaza. Nizime kompyuta?

Usizime. Chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, kisha wapigie IT sasa hivi, kwa simu na si kwa barua pepe. Ile barua usiifute, wataihitaji. Nywila badilisha kwa kutumia kifaa kingine. Gazeti utamalizia baadaye.

Nina kampuni Mwanza. Kijana wangu mmoja amefeli majaribio matatu mfululizo. Nimwachishe kazi?

Kwanza tazama ulimtegea nini. Utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi zaidi ya 19,500 wa hospitali za UC San Diego, Marekani, kwa miezi 8, ulionyesha kwamba ujumbe wa kubadilisha nywila uliwanasa asilimia 1.8 tu, lakini ujumbe wa utaratibu mpya wa likizo uliwanasa asilimia 30.8. Mahali pa kazi ni palepale. Hapo walikuwa wanabofya viungo, ila hata kwa mafaili sioni kwa nini iwe tofauti. Waliopewa mafunzo walinaswa pungufu ya wasiopewa kwa asilimia 1.7, basi. Kabla ya hapo, watafiti wa ETH Zurich walifuatilia wafanyakazi zaidi ya 14,000 wa kampuni moja kwa miezi 15 na kuona kwamba somo wanalofunguliwa walionaswa papo hapo halikuwasaidia. Kilichofanya kazi ni kitufe cha kuripoti: barua mpya za hila ziligunduliwa haraka na wafanyakazi wenyewe.

Kwa hiyo mwache kijana. Kama kazi yake ni kupokea ankara kutwa nzima, ondoa haki za msimamizi (ruhusa ya kusakinisha programu na kubadilisha mipangilio) kwenye kompyuta yake, ili akikosea hasara iwe ndogo. Nami nina swali kwako, mzee: wewe ulitumiwa hilo faili? Wakurugenzi wengi huomba majina yao yaondolewe kwenye orodha. Mkuki kwa nguruwe, basi? Awamu ijayo jiweke humo, kisha uniandikie matokeo. Jina lako sitalibandika kwenye grupu.