Ua lako linaitwaje? Jibu kwa dada wa Nzuguni na wote wenye paka

Juzi dada mmoja wa Nzuguni, hapa Dodoma, aliniandikia: "Dada, nimenunua lile ua lenye majani manene yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Muuzaji kasema halina neno. Nina paka wawili, nilale kwa amani?" Nilikuwa sebuleni kwangu Ilazo, nikausoma ujumbe ule mara tatu. Laiti ningeuliza swali hilo mimi mwaka juzi.

Nianze na jibu lake. Ua hilo ni Zamioculcas, mwenyeji wa Afrika Mashariki hii hii. Linatunza maji kwenye viazi vyake chini ya udongo, ndiyo maana linaivumilia Dodoma, ambako masika yakishaaga tunakaa miezi na vumbi. Kwa paka si salama, ila si la kuua. Ndani yake mna chembe kali kama sindano zinazochoma ulimi na fizi. Paka akilitafuna atadondosha mate, atajikwaruza mdomo, pengine atatapika. Dada, lipandishe juu asikofika.

Kilichoninyima usingizi usiku ule ni kingine.

Mwaka juzi, Jumamosi moja, tulimuaga binamu yangu kabla ya harusi yake. Nilirudi saa saba usiku na shada la maua meupe, makubwa kama tarumbeta, yananukia nyumba nzima. Nikalitia kwenye chombo juu ya meza. Asubuhi Kidoti, paka wangu wa miaka minne, alikuja kitandani na unga wa rangi ya kutu puani. Tulicheka. Nikampiga picha, nikaiweka hadharani kwenye simu, watu wakamsifu.

Mchana wake akatapika. Nikasema kala mjusi, maana ndivyo tunavyosema sote. Jumatatu hakula, akashinda chini ya kitanda. Nilimpeleka mahali wanapotibu mifugo, nikaambiwa nimrudishe kesho, siku hiyo walikuwa na ng'ombe. Jirani akaja na maziwa, tukamnywesha kwa nguvu. Jumanne daktari mwingine alimpapasa, akauliza kama tumeweka sumu ya panya. Nikasema hapana. Akauliza tena: "Maua?" Nikamwonyesha ile picha.

Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza. Yale yalikuwa mayungiyungi halisi, yaani lili, jamii ya Lilium. Kwa paka, jani, ua, hata maji ya kwenye chombo yanaua figo. Paka hahitaji kutafuna; unga wa ua ukidondokea manyoya, akijiramba, umeingia. Dripu huokoa ikiwahi, siku ile ile, kabla figo hazijafa. Kwetu ilikuwa siku ya tatu. Kidoti alikufa Jumatano alfajiri, mikononi mwa binti yangu.

Kazini mtu mmoja akaniambia, "Si paka tu? Mtaani wamejaa." Neno hilo bado linaniuma.

Ndugu zangu, paka wa mtaani huchagua anakopita. Paka uliyemfungia ndani hachagui, kila kilichomo humo umemchagulia wewe. Basi usimuulize muuzaji kama ua ni salama, yeye anataka liondoke kitaluni. Muulize jina. Akikuambia "lili," usiondoke, uliza lili ipi. Lili ya amani, ile yenye ua moja jeupe kama kijiko, si yungiyungi halisi. Inachoma mdomo kama ua la dada wa Nzuguni. Yungiyungi halisi linazika. Jina moja, mambo mawili tofauti kabisa. Uliza jina!

Na mlio na waridi la jangwa barazani, lile lenye shina nene na maua ya pinki: ndugu zetu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupaka mishale kwa utomvu wa mimea ya jamii hiyo. Ni sumu ya moyo. Kulipenda nalipenda, kwangu halikai.

Ikitokea paka kala ua, usimnyweshe maziwa kwa nguvu na usimlazimishe kutapika. Mfute mdomo kwa kitambaa chenye maji, muoshe unga kwenye manyoya, chukua jani au picha ya ua, nenda kwa daktari saa hiyo hiyo. Ukiambiwa kesho, tafuta mwingine. Mimi nilirudi nyumbani kwa adabu, na adabu ile sijajisamehe.

Sasa ndani nina mimea miwili tu. Mmoja ni ule wenye majani kama utepe wa kijani na mweupe, unaoning'iniza vitoto, nao hauna sumu kwa paka. Wa pili ni Saintpaulia, ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, asili yake milima ya Usambara. Nalo ni salama, ila hewa kavu ya huku linaichukia. Langu nimeliweka bafuni dirishani na linachanua. Najivunia sana.

Chombo cha lile shada nilikivunja.

Dada wa Nzuguni, ukishalipandisha hilo ua juu ya kabati, nitumie picha ya paka wako wawili. Nataka kuwaona, na nataka kuona pua zao.