Kabla ya kuongeza chuma, tafuta pembetatu
Tela langu la kwanza nililiunda kwa chuma kinene kuliko vyote nilivyomudu kununua. Mwezi wa pili ukatokea ufa mwembamba kama unywele, kando ya pale nilipochomelea. Nikaupiga kiraka cha chuma, ukahamia mbele ya kiraka. Kila kiraka kiliongeza uzito, na uzito ukaleta ufa mwingine.

Aliyenifumbua macho ni Giulio Alfieri, mhandisi wa Maserati, kampuni ya magari kule Modena, Italia. Mwaka 1957 kampuni ilielemewa na madeni ikaacha kuendesha timu yake ya mashindano ya magari. Pesa ilikuwa ndogo, basi Alfieri akapambana na uzito. Fremu ya gari lake jipya la mashindano ilikuwa ya paipu nyembamba zipatazo 200, zimeungwa kwa pembetatu nyingi hadi gari likabandikwa jina la tundu la ndege. Injini ya silinda nne akailaza nyuzi 45 ili uzito ukae chini. Gari la kwanza la aina hiyo, Tipo 60 yenye injini ya lita 2, lilitoka 1959, na dereva Stirling Moss akashinda nalo Rouen, Ufaransa. Ikafuata Tipo 61 ya lita 2.9, yenye kilo 600 hivi. Kwenye mbio za kilomita 1000 za Nürburgring, Ujerumani, 1960, Moss na dereva mwenzake Dan Gurney walipoteza muda mrefu kwa hitilafu ya bomba la oili, na bado wakashinda! Mwaka uliofuata gari la aina hiyo likashinda tena palepale.

Mraba ukiusukuma kona unalala, kama kitanda kilicholegea. Pembetatu hailali mpaka chuma chenyewe kipinde au kikatike.

Kwa hiyo anza na njiti za mishikaki na gundi. Unda fremu ndogo, ishike ncha mbili, ipotoe. Inapojikunja ndipo penye kudai njiti ya mshazari. Mimi nilivunja tatu kabla sijagusa chuma. Halafu hakikisha paipu zinakutana nukta moja. Zikiachana hata vidole viwili, kipande cha katikati ndicho kitakachopinda. Paipu nyembamba hutoboka upesi, punguza moto wa mashine. Shikiza kona zote kwanza, ndipo uchomelee ukiruka upande huu na ule, joto lisije likapinda fremu.

Maungio yakiwa mengi, ukaguzi nao ni mwingi. Kila Jumamosi napiga brashi ya waya, namulika kona moja moja kwa tochi. Tela la pili vijana wawili wanalinyanyua. La kwanza lilitaka wanne.