Maji meupe pe, mbona samaki wanakufa?

Pole ndugu yangu wa Makunduchi, Unguja. Unasema tangi lako la samaki ni jipya, lina wiki mbili, maji ni meupe pe, safi kabisa, lakini samaki wanapanda juu kutweta kisha wanakufa. Mimi nashuku amonia, sumu inayojikusanya majini, kabla ya ugonjwa. Haionekani kwa macho. Inatokana na mavi ya samaki na chakula kinachooza chini, na bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujaa kwenye chujio. Halafu umesema unatumia maji ya kisima. Visima vya huko, kwa mawe yale ya matumbawe, hutoa maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, na pH (kipimo cha asidi na alkali) ya juu, na pH ikipanda amonia ileile huzidi ukali.

Leo badilisha robo ya maji, si yote. Chakula kidogo, kiishe ndani ya dakika 2. Sponji ya chujio ikamue kwenye maji uliyoyatoa tangini, bombani usiipeleke kabisa, bakteria wale wasife. Na usinunue samaki wengine sasa! Baadaye chukua samaki wadogo aina ya gapi au moli, hao maji magumu wanayapenda.

Tafuta kipimo cha amonia; ikizidi 0, badilisha tena kesho. Ukiona madoa meupe au vidonda, muulize daktari wa mifugo kabla hujamwaga dawa, maana baadhi huua na hao bakteria.