Maswali ya Wasomaji: Kifaa Kinachotulia Mezani na Kugoma Shambani

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu hii, pokea salamu zangu. Nimetengeneza kifaa cha kuwasha na kuzima pampu ya umwagiliaji kwa meseji, kwa ajili ya shamba la mboga la baba yangu mdogo lililoko nje ya mji wa Morogoro. Nimetumia bodi ya Arduino Uno, moduli ya simu ya SIM800L, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) ya volti 5, na kontakta (swichi kubwa ya aina hiyohiyo, ya kuwasha pampu) yenye koili ya volti 230. Adapta ni ya volti 5, ampea 1. Kutoka hapo umeme wa moduli unapitia kipunguza volti cha LM2596 nilichokirekebisha kitoe volti 4. Nyumbani mjini kifaa kilifanya kazi wiki mbili bila kosa, kikiwasha taa badala ya pampu. Shambani kinajiwasha upya, mara kinapotaka kutuma meseji, mara pampu inapozimwa. Nimepima kwa mita nikaona volti 4.0 kamili. Programu nimeiandika upya mara mbili na bodi nimebadilisha mara moja. Baba mdogo ameanza kusema turudie swichi ya kawaida. Je, kosa ni la programu, au nimeuziwa vifaa bandia?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, nimeisoma barua yako kwa makini na sioni dalili yoyote ya kuilaumu programu wala muuzaji. Unayo matatizo mawili tofauti yenye dalili moja, na yote mawili ni ya umeme. Naomba usiandike tena hata mstari mmoja wa programu mpaka uyamalize hayo.

Tuanze na meseji. SIM800L haitumii umeme kwa utulivu kama taa. Inapozungumza na mnara hutuma kwa mipigo mifupi sana: hufungua kwa takribani mikrosekunde 577, hunyamaza, kisha hurudia kila baada ya milisekunde 4.615. Katika kila mpigo hunyonya mkondo unaoweza kufika ampea 2, na volti yake ikishuka chini ya 3.4 hata kwa muda huo mfupi, hujizima. Mita yako husoma mara mbili au tatu tu kwa sekunde na kukuonyesha wastani, kwa hiyo ilikuambia kweli kuhusu wastani na haikuona shimo linalotokea katikati. Ili kuliona shimo hilo unahitaji oskiloskopu, kifaa kinachochora mabadiliko ya volti kwenye skrini. Ukiweza kuiazima chuoni au kwa fundi wa redio, hata kwa siku moja, utajifunza mengi kuliko kwa kubadilisha bodi mara kumi.

Mbona basi kifaa kilitulia mjini? Hapa ndipo vijana wengi hukata tamaa bure. Mtandao wa simu huiamuru simu ipunguze nguvu ya kutuma pale mawimbi yanapokuwa mazuri, na iiongeze yanapokuwa hafifu. Nyumbani, karibu na mnara, moduli yako ilikuwa inanong'ona. Shambani inalazimika kupaza sauti yake yote, ambayo katika masafa ya megahezi 900 ni wati 2. Kifaa ni kilekile, lakini mzigo si uleule. Majaribio yako ya mezani hayakuwahi kugusa hali ngumu kuliko zote ambayo kifaa kingekutana nayo, na kosa hilo la majaribio ndilo ninalotaka ulielewe kuliko jingine lolote.

Sasa fuata njia ya umeme. Adapta ya ampea 1 haiwezi kutoa ampea 2. Tena, LM2596 huhitaji volti zinazoingia zizidi zinazotoka kwa zaidi ya volti 1 mzigo unapokuwa mkubwa, nawe umeipa volti 5 ili itoe 4. Haina nafasi ya kupumua. Kisha zipo nyaya. Ikiwa ni zile nyembamba za kuchomeka, wa kwenda na wa kurudi pamoja na viungio vyake vinaweza kufikisha omu 0.3, na ampea 2 zikipita hapo unapoteza volti 0.6 kabla umeme haujaifikia moduli. Badili adapta iwe ya volti 12, ampea 2. Weka kipunguza volti kimoja cha volti 4 kwa ajili ya moduli peke yake na kingine cha volti 5 kwa bodi. Na nyaya za moduli ziwe nene, fupi, zilizolehemiwa.

Utashauriwa uweke kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi umeme kidogo na kuutoa upesi, na ushauri huo ni sahihi kwa kiasi chake. Ampea 2 kwa mikrosekunde 577 zikitolewa na kapasita peke yake, ile ya mikrofaradi 1000 itashuka kwa volti 1.15, na ya 2200 itashuka kwa takribani 0.5. Kapasita husaidia chanzo imara lakini haiwezi kuwa badala yake. Weka ya mikrofaradi 2200, ya aina yenye ukinzani mdogo wa ndani, ikigusana na pini za moduli, wala si mwisho mwingine wa waya.

Tatizo la pili ni kontakta. Koili yake ni ghala la nishati ya sumaku, na rilei inapoukata mkondo ghafla, nishati hiyo hutoka kama mruko wa volti nyingi na cheche kwenye vidole vya rilei, ukirukia kila waya uliolala karibu. Taa uliyotumia nyumbani haina tabia hiyo. Dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) iliyoko kwenye bodi ya rilei hulinda dhidi ya koili ndogo ya rilei yenyewe tu. Kwenye koili ya kontakta, kwa kuwa ni ya umeme wa mkondo geu, dayodi haifai: funga sambamba nayo rezista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1, zikiwa zimeungana kwa mfuatano. Kapasita hiyo iwe imeandikwa X2, alama ya kapasita salama kwa umeme wa nyumba, kwa sababu ya kawaida ikifa kwenye volti 230 inaweza kuwaka. Zima swichi kuu na uhakikishe kwa testa kabla ya kugusa chochote. Nyaya za pampu na za swichi ya boya (ile inayofuata kimo cha maji), kama unayo, zisipite pamoja katika bomba moja.

Liko jambo jingine lililojificha. ATmega328P, chipu kuu iliyo kwenye bodi yako, huhitaji takribani volti 3.8 ili iende kwa uhakika katika kasi ya megahezi 16, lakini Arduino Uno hutoka kiwandani ikiwa kinga yake ya volti ndogo, inayoisimamisha chipu volti zikishuka mno, imewekwa kwenye 2.7. Maana yake, kati ya 3.8 na 2.7 chipu inaweza kufanya hesabu zisizo sahihi bila kuzimwa, na inaweza hata kuiamuru pampu iwake. Ipandishe kinga hiyo hadi 4.3, na hakikisha kwamba rilei hubaki imezimwa wakati chipu inaamka, kwa kuivuta pini yake kwa rezista kuelekea upande wa kuzima.

Kujua kipi kimetibu kipi, tenganisha. Siku ya kwanza vua nyaya za kontakta, uache moduli itume meseji kila dakika ikiwa hapohapo shambani. Siku ya pili vua moduli, uache kontakta iwake na kuzimwa mara mia bila pampu. Ndipo uunganishe pampu, kwani mota inapoanza hunyonya mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida na kuangusha volti za nyumba nzima. Niliwahi kupoteza miezi mitatu na trei mbili za mayai kwa mashine ya kutotolesha vifaranga, nikirekebisha programu isiyokuwa na kosa, wakati koili moja isiyolindwa ilikuwa ikiizima bodi kila usiku. Ningetenganisha siku ya kwanza, vifaranga wale wangetoka.

SWALI: Mimi hufunga vidhibiti vya taa na mageti hapa Mombasa. Baada ya miezi michache bodi huota kutu ya kijani ingawa nimeziba sanduku kwa silikoni. Nifanyeje?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwanza inuse silikoni yako. Ikinuka siki, inatoa asidi inapokauka, nayo asidi hiyo hula shaba ndani ya sanduku ulilolifunga ili kuilinda. Nunua isiyonuka siki. Pili, masalia ya dawa ya kulehemu yaliyoachwa kwenye bodi huvuta unyevu, na chumvi ya bahari hukamilisha kazi: osha bodi kwa alkoholi ya isopropili na brashi, iache ikauke kabisa, kisha ipake rangi ya kinga ya akriliki, ukiviziba viungio kwanza kwa utepe. Sanduku lililozibwa kote hubana hewa yenye unyevu, ambayo hugeuka matone usiku joto linaposhuka, kwa hiyo acha tundu dogo upande wa chini na uingize nyaya kutoka chini, zikining'inia kidogo kabla ya kupanda ili maji yadondokee nje.